Maswali ya wasomaji: Kumuuzia mtu usiyemjua vitu vya ndani

Katikati ya mwaka matangazo ya friji, makochi na magodoro hujaa kwenye simu za watu wa Dodoma. Wanafunzi wanamaliza chuo, watumishi wanapata uhamisho, kodi za nyumba zinaisha. Barua tulizopokea zinahusu kipande kigumu zaidi cha biashara hii: saa ile mnunuzi uliyempata Facebook au kwenye kundi la WhatsApp anaposema, "Nipo njiani."

Nimehamishiwa Mtwara. Nauza friji ya milango miwili, seti ya makochi na kabati la nguo. Naishi Kisasa na watoto wawili na dada wa kazi, mume wangu ametangulia. Wenzangu wananishauri nikutane na wanunuzi Nyerere Square, lakini friji siwezi kuibeba hadi pale. Lazima waje nyumbani. Nijilindeje?
*Mtumishi, Kisasa*

Dada, anza na tangazo lenyewe, maana hapo ndipo watu hujianika bila kujua. Usiandike "nahama Jumamosi" wala "bei ya haraka, nasafiri." Maneno hayo yanashusha bei, na yanamwambia kila anayesoma kwamba una siku chache za kufikiri na nyumba yako i karibu kuwa tupu. Andika kitu, ukubwa, umri wake, kasoro yake na bei. Mtaa utaje kwa jumla: "Kisasa" inatosha.

Picha ipigwe kitu kikiwa kimesogezwa kwenye ukuta mtupu. Tumeona matangazo ambamo nyuma ya kochi kunaonekana kitasa cha mlango, nondo za dirisha, runinga ambayo haiuzwi, na mtoto mwenye sare ya shule. Angalia pia kibao cha anwani ya makazi kilichobandikwa ukutani au mlangoni: namba ya nyumba na jina la barabara vikionekana pamoja, umeshawaelekeza wote.

Namba ya simu ya kwenye tangazo isiwe ile unayopokelea hela. Mtu yeyote akianza kutuma hela kwenye namba yako, simu yake humwonyesha jina lako kamili kabla hajathibitisha, kisha anaweza kughairi. Kwa hatua hiyo moja anajua unaitwa nani. Namba ya hela mpe mnunuzi aliyekwisha kuja, akaona kitu na kukubali bei.

Siku ya kuja, muda mzuri ni kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Anayesema atafika saa 2 usiku kwa kuwa ndiyo anatoka kazini, mpangie Jumamosi. Awepo mtu mzima mwingine: jirani, ndugu, mfanyakazi mwenzako. Watoto wawe kwa jirani kwa saa hiyo. Dada wa kazi asiachiwe mauzo peke yake, na apewe jibu moja tu la kumpa yeyote atakayegonga bila miadi: "Mpigie mwenyewe," na geti lisifunguliwe.

Kabla hawajafika, toa kitu nje. Kabati na makochi viwe barazani au uani. Friji ikishindikana, isogezwe sebuleni karibu na mlango, iwe inawaka tangu asubuhi ili akifika aikute na baridi. Vyumba vingine vifungwe, funguo uwe nazo mfukoni. Sababu ni kwamba si kila anayekuja kuangalia friji anataka friji. Wapo wanaokuja kuangalia nyumba: mlango wa nyuma unafungwaje, kuna mbwa, mwanaume yupo. Ndiyo maana maswali kama "unaishi na nani hapa?" hayajibiwi. Hata ombi la maji au choo lina njia yake. Kumnyima mgeni maji ni vigumu kwetu, kwa hiyo weka maji na glasi pale barazani mapema. Choo, kama hakuna cha nje, mwambie hakipatikani kwa sasa. Aibu ya dakika moja ni nafuu kuliko mgeni kupita koridoni.

Akija na kirikuu au guta na vijana wa kubeba, gari lisubiri nje ya geti hadi hela iingie. Wanaoingia wawe wawili tu, na mtu wako asimame mlangoni mwanzo hadi mwisho. Piga picha ya gari likiwa na namba yake, wazi wazi, si kwa kujificha. Mnunuzi wa kweli hana shida na hilo.

Nataka kuuza subwoofer na jiko la gesi kabla ya kuondoka chuoni. Nasikia kuna meseji feki za malipo. Nitazijuaje?
*Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Chuo Kikuu cha Dodoma*

Usijaribu kuzijua. Ushauri wa kutafuta makosa ya herufi ndani ya meseji unawaponza watu, kwa sababu tapeli makini ananakili meseji halisi neno kwa neno na kubadilisha kiasi tu. Ndiyo, nyingi hutoka kwenye namba ya kawaida yenye tarakimu kumi badala ya jina la huduma, na salio lililoandikwa humo haliendani na lako. Lakini hata ikionekana safi, meseji si hela.

Kinachothibitisha ni salio unaloliuliza mwenyewe. Kabla mnunuzi hajafika, angalia salio na uliandike. Tuseme una sh 12,400 na bei mliyokubaliana ni sh 280,000. Akisema ametuma, fungua menyu kwa mkono wako: *150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa, *150*01# kwa iliyokuwa Tigo Pesa. Ukikuta sh 292,400, mpe kitu. Ukikuta sh 12,400, hakuna kilichotumwa, hata akuonyeshe simu yake imeandika "muamala umekamilika." Picha ya muamala hutengenezwa kwa dakika mbili.

"Mtandao unasumbua" ndiyo sentensi utakayoisikia. Jibu lake ni kwamba mtandao ukisumbua, biashara inasubiri. Anayetaka kuondoka na subwoofer huku hela "ikija nyuma" anakuomba mkopo bila dhamana. Vivyo hivyo kwa anayekaa mbali na kumtuma bodaboda achukue mzigo: dereva wa bodaboda mara nyingi hajui lolote, amelipwa nauli tu, na ukimpa mzigo huna wa kumdai.

Kwa fedha taslimu, noti kubwa ni ya sh 10,000, kwa hiyo sh 280,000 ni noti 28. Zihesabu mbele yake, moja moja, na uzinyanyue kwenye mwanga: sura ya Mwalimu Nyerere ionekane ndani ya karatasi, siyo kuchapwa juu yake. Njia tunayoipenda zaidi ni kuongozana na mnunuzi hadi kwa wakala, yeye akaweka hela moja kwa moja kwenye namba yako. Kuweka hakuna makato kwako, wakala amezoea kutambua noti bandia, na wewe hutarudi nyumbani na bunda mfukoni.

Kuhusu jiko la gesi: funga valvu ya mtungi, toa regulator, mtungi usafirishwe umesimama. Usilijaribu ndani ya chumba cha hosteli. Lijaribuni nje, na mpake maji ya sabuni kwenye maungio ya mpira. Mapovu yakitokea, gesi inavuja na jiko haliuzwi hadi lirekebishwe.

Mtu alinipigia kuhusu kochi langu, akakubali bei bila kupunguza hata mia. Akasema kijana wake atakuja kuchukua, ila nisizungumze naye habari za hela kwa kuwa "ni mdomo sana." Kijana alikuja, akakagua, akapiga simu, kisha akasema ameshalipa na anataka kubeba. Kwangu hakuna hela iliyoingia. Tuligombana hadi mwenyekiti wa mtaa akaitwa. Nani alimwibia nani?
*Msomaji, Ilazo*

Pole. Aliyekuja kwako hakuwa kijana wa yule aliyepiga simu. Alikuwa mnunuzi halali, na ndiye aliyeibiwa. Utapeli huu umeenea na unagombanisha watu wawili waaminifu, kwa hiyo tunaueleza kwa kirefu.

Tapeli anachukua picha kutoka kwenye tangazo lako. Tuseme unauza kwa sh 450,000. Yeye anaweka tangazo lake, kochi lile lile, kwa sh 300,000. Bei hiyo inamleta mteja haraka. Tapeli anamwambia, "Kochi liko kwa shemeji yangu Ilazo, nenda kalione, ukiridhika nitumie mimi. Usimuulize bei, kuna mambo ya kifamilia." Wakati huo huo anakupigia wewe, anakubali bei yote bila kubishana, anasema anamtuma kijana wake, na anakuomba usimtajie hela. Mnakutana watu wawili, kila mmoja amekatazwa kuzungumzia jambo pekee ambalo lingewaokoa. Mteja anaona kochi kwa macho yake, linafanana na picha, mwenyeji anampokea vizuri. Anatuma sh 300,000 kwa tapeli. Simu ya tapeli inazimwa. Mnabaki wawili na kochi moja.

Ishara ya kwanza ni mnunuzi asiyebisha bei. Katika kitu kilichotumika, nani hapunguzi? Ya pili ni katazo la kuzungumza. Mtu yeyote anayekutaka usiseme na aliyesimama mbele yako, amekupa sababu ya kusema naye.

Kwa hiyo kila anayeingia getini, kabla hajagusa kitu, aulizwe kwa upole: "Karibu. Umeambiwa bei gani, na unamlipa nani?" Bei zikitofautiana, simamisheni kila kitu na mlinganishe simu zenu hapo hapo. Mkiona namba moja imewapigia wote wawili, mmeshaelewa. Hapo mnaweza kuanza upya, wewe na yeye, bila mtu wa katikati.

Kinga ya pili ni jina. Anapotuma hela, kabla ya kuweka namba ya siri, simu inamwonyesha jina la anayepokea. Mwambie alisome kwa sauti. Likiwa si lako, aghairi. Na kwenye tangazo lako ongeza mstari huu: "Malipo yanafanyika ukifika, kwa mwenye kitu tu. Sina dalali." Anayekuja kwa njia ya tapeli, akiuona mstari huo kwenye tangazo la asili, atashtuka.

Kuhusu ugomvi wenu: kochi ni lako hadi utakapolipwa, na hukupokea chochote. Lakini msaidie mwenzako. Mpe picha za meseji ulizotumiwa na ile namba, kwa sababu ushahidi wa kesi yake uko nusu kwenye simu yako.

Nimeuza feni kwa sh 45,000. Mnunuzi kanitumia sh 145,000, anasema alikosea, nimrudishie laki moja kwenye namba nyingine. Nirudishe?
*Msomaji, Chang'ombe*

Angalia salio kwanza. Mara nyingi laki haipo, kuna meseji tu, na utakachorudisha ni hela yako.

Kama ipo kweli, bado usiitume kwenye namba nyingine. Inawezekana imetoka kwenye simu ya mtu aliyeibiwa. Ukishaipeleka mbele, mwenye hela akalalamika, muamala unaoonekana ni ule ulioingia kwako, na wewe ndiye utakayetafutwa. Usiitumie, usiitoe. Mwambie aliyetuma apige 100 kwenye mtandao wake aombe muamala urudishwe, na wewe piga 100 ueleze. Hela irudi kwa njia iliyojia, kwa namba ile ile. Kanuni hiyo hiyo ishike hata kwa advansi ya mtu aliyeghairi kununua.

Mnunuzi anataka nimtumie picha ya kitambulisho changu cha taifa ili aniamini. Ni sawa?
*Msomaji, Nkuhungu*

Hapana. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Picha yake ikishatoka hujui itaishia wapi. Akifika, muonyeshane vitambulisho ana kwa ana. Ukishawahi kuituma, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika ikafutwe.

Wala usimsomee mtu tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yako "kuthibitisha kuwa wewe ni muuzaji wa kweli." Hizo ni za kufungua WhatsApp yako kwenye simu yake. Na kupokea hela hakuhitaji namba ya siri, kwa hiyo kiungo chochote kinachoitaka ili "malipo yaingie" ni cha wizi.

Nipo Mpwapwa. Nauza cherehani, mteja yuko Singida na anataka nimtumie kwa basi. Yeye anaogopa kutuma hela, mimi naogopa kutuma cherehani.
*Fundi, Mpwapwa*

Hofu zenu zote mbili ni halali. Suluhisho zuri ni mteja kumtafuta ndugu au rafiki aliye Mpwapwa au Dodoma mjini aje akague, cherehani ishonwe mbele yake, ndipo mteja atume hela yote kwa jina lako. Asipokuwa na mtu, mpigie simu ya video akiangalia mashine inavyoshona, namba iliyogongwa kwenye chuma, na wewe ukiwa pembeni yake. Kisha malipo yatangulie. Kugawa nusu kwa nusu kunasikika kama haki, lakini nusu ya pili ikigoma cherehani imeshafika Singida.

Mzigo uandikishwe ofisi ya basi, siyo kukabidhiwa kondakta mlangoni. Andika jina na simu ya mpokeaji, taja kwamba ni cherehani na thamani yake, chukua risiti, piga picha mzigo ukiwa umefungwa. Kichwa cha mashine kifungwe peke yake kwenye boksi lenye matambara, sindano itolewe.

Mnunuzi wa TV ananidai risiti ya duka, nami sina tena. Nimwandikie nini?
*Mzee, Miyuji*

Shikamoo, mzee. Mwandikie hati ya mauziano kwa mkono, nakala mbili. Iwe na tarehe, majina na simu zenu, aina ya TV na namba yake ya kiwandani (serial number) iliyo kwenye karatasi ya nyuma, bei, namba ya muamala, na kasoro mlizoziona. Ongeza "imewashwa na kujaribiwa mbele ya mnunuzi." Sainini wote na shahidi mmoja. Hati hiyo humsaidia anayesimamishwa njiani na TV juu ya bodaboda, na humkinga muuzaji na mtu anayerudi baada ya wiki akidai ameuziwa kibovu.

Kama ni TV inayoingia intaneti, toka kwanza kwenye akaunti zako, kisha kwenye mipangilio irudishe ilivyotoka kiwandani. Bila hivyo barua pepe yako inahamia sebuleni kwa mtu. Kwa simu, ondoa akaunti ya Google kabla ya kuifuta. Ukifuta kwanza, simu itamdai mnunuzi nywila yako na atakusumbua. King'amuzi kilichosajiliwa kwa jina lako, piga huduma kwa wateja kihamishwe.

Wauza friji waongeze mstari mwingine kwenye hati: "Isafirishwe imesimama." Ikilazwa kwenye gari, mafuta ya kompresa yanaingia kwenye mabomba, na ikiwashwa hapo hapo kompresa inaweza kufa. Ikilazimika kulazwa, isimamishwe saa kadhaa kabla ya kuwashwa, na kama ililala safari ndefu, isubiri siku nzima.

Nimeshatapeliwa. Nimempa kijana godoro na redio kwa meseji feki. Nianzie wapi?
*Msomaji, Makole*

Usifute kitu. Piga picha za skrini za mazungumzo, tangazo, picha ya wasifu na namba, maana atakuzuia na baadhi ya hivyo vitapotea. Kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu ukiwa na picha hizo na namba za vitu, eleza kwa mpangilio wa saa, na usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Udanganyifu wa namna hii unaangukia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 pamoja na Kanuni ya Adhabu, na namba yako ya RB ndiyo utakayoitumia kila utakapofuatilia. Namba ya tapeli itolee taarifa kwa ujumbe kwenda 15040. Ripoti pia akaunti na tangazo pale ulipokutana naye.

Kama kuna hela uliyoituma mwenyewe, piga 100 kabla hata ya kwenda kituoni, kwa sababu ikishatolewa kwa wakala hakuna cha kuzuia. Waambie mafundi na wauza vitu vilivyotumika wa Majengo na Sabasaba, ukiwaonyesha picha. Godoro na redio vinauzwa haraka na karibu. Ukiviona, usivamie. Ita polisi kwa RB yako.

Na siku chache baadaye unaweza kupigiwa na mtu anayejiita ofisa, anayejua kisa chako chote, akidai sh 20,000 ya "kufungua faili" ili mali irudi. Kisa anakijua kwa sababu aidha ni yule yule, au amekisoma kwenye kundi ulikolalamika. Usimtumie; mtaje kituoni, namba yake iongezwe kwenye jalada lako.